Aliyebeba Bendera ya Giza

Jumatatu ya kwanza ya vita, Fundi wa Vidonda alifika machimboni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akatua masanduku yake mawili katika kibanda kilichokuwa zamani ofisi ya mzani, akawasha jiko la gesi na kuanza kupika damu. Damu yake aliipika kwa sukari na maji, rangi nyekundu ya keki, na kijiko kimoja cha kahawa ili isifanane na sharubati. Kwa miaka kumi na saba mwanamke huyu alikuwa amewatia watu vidonda vya kuigiza: michubuko, matundu ya risasi, malengelenge ya moto, mifupa iliyochomoza. Walioijua kazi hiyo walisema kidonda chake ukikikodolea macho sana utaanza kuumwa wewe. Siku hiyo, kabla jua halijafika utosini, alikuwa ameimwaga damu yote mtaroni, maana haikuhitajika.

Filamu yenyewe ilikuwa ya watoto. Ilitokana na kitabu ambacho kila aliyekaa darasani alikuwa amekisoma: msichana wa miaka kumi anarithi ufalme wa Nuru, Jeshi la Giza linamjia, msichana analishinda. Machimbo ya mawe yalikuwa yamefungwa tangu mwaka uliopita, na mwongozaji alipouona ule ukuta mweupe wa mawe upande mmoja na lile shimo upande wa pili, alisema Nchi ya Giza ndiyo hii, hakuna cha kuongeza. Wachimbaji waliokuwa wamekaa majumbani mwao wakihesabu boriti za dari wakaitwa kazini tena.

Kuwachagua hakukuchukua muda. Msaidizi wa mwongozaji alisimama getini akitazama nyuso na kuonyesha kwa kalamu: kulia wema, kushoto wabaya. Mwenye kovu, kushoto. Mwenye pengo, kushoto. Mwenye jicho lililowahi kuingiwa na kokoto, kushoto. Na kwa kuwa machimbo hayakumwacha mtu bila alama, karibu wote walikwenda kushoto. Kulia walikuwako watoto wa shule moja ya ng'ambo ya mji, wenye meno yaliyopangika kama funguo za kinanda, pamoja na watu wazima wachache. Mmoja wao aliitwa Mtanashati. Alikuwa karani wa mzani, hakuwahi kushika nyundo. Mtaa mzima ulijua kwamba alimpiga mkewe hadi akampofua jicho la kulia, lakini uso wake ulikuwa laini kama yai, na akapewa nafasi ya Waziri wa Nuru.

Kaka yake Fundi alikwenda kushoto. Jiwe lilimpitia shavuni miaka sita nyuma likamwachia kovu kutoka sikioni hadi kidevuni.

"Kalamu ile haikusita hata kidogo," alimwambia dada yake akicheka. "Ningekuwa ng'ombe ningejua kabisa naelekea buchani."

Kaka alikuwa mtu wa utani. Aliwatania wakubwa na wadogo, aliwatania wafiwa matangani wakajikuta wanacheka katikati ya kilio. Mkewe alifariki akamwachia binti, sasa wa miaka minane, na nyumba yao ya watu watatu, yeye, mtoto na Fundi, ilisimama kwa utani wake kama nyumba nyingine zinavyosimama kwa nguzo. Mtoto alikuwa amekisoma kile kitabu mara tisa. Baba yake alimwambia kwamba atakuwemo kwenye filamu, akibeba bendera ya Nuru.

"Mbona unamdanganya mtoto?" Fundi alimuuliza.

"Bendera ni bendera, mdogo wangu. Rangi atajionea mwenyewe."

Panga za Nuru zilikuwa za mbao nyepesi, zimeviringishwa karatasi ya kung'aa ya kufunikia vyakula. Hazikuweza kukata mkate. Msichana aliyeigiza Malkia, ambaye kila mtu alimwita Malkia hata wakati wa chakula, alikuwa mtoto mwenye adabu aliyemwamkia kila mkubwa, mpaka mlinzi wa choo. Mwongozaji alisema, "Anza!" Malkia akainua upanga wake na kumgusa mpasua mawe mmoja aliyeitwa Nyundo juu ya kiwiko. Mkono ukadondoka. Ulianguka vumbini, vidole vikiwa bado vimeshika rungu, na damu ikaruka ikawafikia watu wa safu ya tatu.

"Kata!" alisema mwongozaji, akaitazama picha kwenye kioo chake. "Nzuri sana. Turudie, ila safari hii asiuangalie mkono."

Nyundo aliuokota mkono wake, akaupangusa kwenye shati, akauliza itakuwaje, maana picha ikirudiwa inamtaka awe na mikono miwili. Wote wakamgeukia Fundi. Fundi alijaribu gundi ya kubandikia ndevu, akaona haitashika, akatoa sindano ya mavazi na uzi mweusi.

"Inauma?" alimuuliza akishona.

"Mno," alisema Nyundo. "Lakini fanya haraka, mama, wanatungoja."

Hadi jioni Fundi alikuwa ameshona mikono mitatu, sikio moja na matumbo mawili. Seremala aliapa kwamba panga za Nuru na marungu ya Giza yote yametoka kwenye mbao zile zile, na hakusema uongo. Rungu la mpasua mawe lenye uzito wa kilo moja lilimshukia mwanafunzi mmoja wa Nuru kichwani, naye akacheka akisema linamtekenya.

Wa kwanza kufa alikuwa yule yule Nyundo, siku ya Jumatano. Upanga ulimpitia shingoni, akaanguka, akalala hapo mpaka picha ilipokwisha. Kisha akainuka, akakizuia kichwa chake kwa kiganja, akaenda kupanga foleni ya chakula. Ijumaa walikuwa wamekufa kumi na mmoja. Jeshi la Giza lilitakiwa kuonekana kubwa, na watu walikuwa arobaini tu, kwa hiyo waliokufa asubuhi walihitajika kufa tena mchana kwa upande mwingine wa kamera. Kazi ya Fundi ikawa imegeuka. Badala ya kuwatia watu vidonda, akawa anavificha. Alijaza pamba, akashona, akapaka poda, na mtu akatoka kibandani mzima machoni pa watu, tayari kuuawa.

Wafu hawakuwa na shida. Walikuja kwa wakati, waliondoka kwa wakati. Kioo hakikufanya ukungu walipokiinamia, na chai waliyokunywa ilitokea ilikotaka. Majumbani wake zao waliwaachia nafasi kitandani, wakalalamika kidogo kuhusu ubaridi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimetoka ndani yao: hawakuanzisha neno. Ukiwauliza walijibu, ukiwatuma walikwenda, lakini mfu hakukuambia "hebu sikiliza nikupe kisa." Wala hakucheka. Mwongozaji aliwapenda. Alisema hajawahi kufanya kazi na watu wasikivu kiasi kile.

Jumatatu ya pili Malkia alikuja kibandani kurekebishwa taji, akakaa kwenye kigoda akining'iniza miguu.

"Anti, wale wanaumia?"

"Wanaumia," alisema Fundi.

"Kweli, au ya kuigiza?"

"Kweli."

"Basi nitakuwa napiga pole pole."

Alitimiza ahadi. Asubuhi ile alimkabili kijana mmoja mchoma baruti, akashusha upanga kwa huruma kama mtu anayemfukuza nzi usoni mwa mgonjwa. Upanga ulimpasua kijana yule kutoka begani hadi kiunoni. Wa pili alimgusa kwa ncha tu, macho yake Malkia yakiwa yamejaa machozi, na kifua cha mtu kikafunguka kama kabati. Kadiri alivyowahurumia, ndivyo jeraha lilivyokwenda ndani. Mwongozaji aliyapenda machozi yale, akaagiza kamera isogezwe karibu.

Fundi hakuwa mtu wa kukaa na swali bila kulishika. Alidhani labda ubaya uko kwenye rangi: wabaya walipakwa masizi na majivu, wema unga wa dhahabu. Mchana, Mtanashati alipokuja kupakwa, alimpaka masizi badala ya dhahabu.

"Mwongozaji ameagiza," alimwambia. "Leo Waziri anajificha katikati ya maadui."

Mtanashati alijitazama kiooni akaona bado anapendeza, akatoka. Fundi alisimama mlangoni kuangalia. Malkia alimpiga Mtanashati kifuani mara mbili, tena kwa nguvu, maana hakumpenda. Aliwahi kumsikia akimtukana mkewe kwenye simu. Upanga ulidunda. Karatasi ya kung'aa ikachanika, mbao ikavunjika vipande viwili, na Mtanashati akauliza kama kuna mtu ana kitambaa, shati lake limeingia vumbi.

Hivyo haikuwa rangi. Fundi alirudi ndani akaanza kushona waliokuwa wanangoja.

Alhamisi aliletwa bibi mwandishi wa kile kitabu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye fimbo na miwani yenye kamba. Walimpa kiti kilichoandikwa jina lake mgongoni na mwavuli wa kumkinga jua. Alitazama mapigano mawili. La tatu lilipokwisha na watu wakawa wanaokota vilivyoanguka, alimwita mwongozaji kwa kidole, kama wanavyoita walimu.

"Hawa ni nani?"

"Jeshi la Giza, mama."

"Mimi sikuandika watu. Niliandika giza."

"Giza halipigiki picha, mama," alisema mwongozaji kwa heshima. "Lazima tulipe uso."

"Na nani alikwambia uso wenyewe ni huu?"

"Tuliwaonyesha watoto picha za watu mbalimbali. Hizi walizitambua papo hapo."

Fundi, aliyekuwa amepiga magoti karibu akimfunga mtu tumbo kwa mkanda, alimuuliza bila kuinua kichwa:

"Shikamoo, mama. Kitabuni, hawa wamefanya kosa gani?"

"Marahaba." Bibi alisafisha miwani. "Nilikuwa na darasa la watoto hamsini na wawili," alisema. "Walikuwa hawatulii mpaka mtu ashindwe. Niliandika kwamba ni waovu. Kosa sikuliandika."

"Sasa huwezi kuliandika? Hata ukurasa mmoja. Mtu mwenye kosa anaweza kuomba radhi."

Bibi aliomba karatasi. Aliandika akiwa ameiegemeza juu ya goti, kwa mwandiko wa ubaoni, ukurasa mmoja na nusu: Jeshi la Giza linafika mbele ya Malkia, Malkia anawauliza mnataka nini, wanamjibu. Mwongozaji aliusoma akiwa amesimama. Alisema umemgusa sana. Akaukunja mara nne, akautia mfuko wa nyuma wa suruali, akamkumbusha bibi kwa upole kwamba ile karatasi aliyotia saini mwaka juzi inasema mwisho wa hadithi ni wa kampuni. Kisha akamsaidia kuinuka, na gari likamrudisha mjini kabla ya foleni ya magari.

Orodha ya picha za siku iliyofuata haikubadilika. Ilisema: Malkia anamuua mbeba bendera ya Giza juu ya kilima cha mawe.

Kwa wiki mbili kaka yake Fundi alikuwa ameponea chupuchupu. Mbeba bendera husimama nyuma, na alikuwa amepoteza kidole kimoja tu, ambacho Fundi alikirudisha. Asubuhi ile alikaa kwenye kigoda mbele ya kioo. Hakukuwa na kidonda cha kuficha. Fundi alichukua kitana akaanza kumchana nyusi, kwa kuwa mikono yake ilitaka kazi.

"Usiende," alisema.

"Nisipokwenda bendera atapewa jirani yetu. Yule ana watoto watano na hana utani hata mmoja. Atakufa na mtu asigundue."

"Nazungumza na wewe kwa akili, kaka."

"Na mimi nakujibu kwa akili." Alimshika mkono, akautoa usoni pake. Kiganja chake kilikuwa na joto na sugu za nyundo. "Nisikilize. Nikirudi nikawa mtu wa ndiyo na hapana, usimwambie mtoto nimebadilika. Mwambie nimechoka. Wakubwa huchoka, analijua hilo."

Alitoka akakipanda kilima, bendera nyeusi begani. Malkia alimngoja juu. Walizoeana, maana kila siku wakati wa chakula kaka alimpa kitendawili cha uongo kisichokuwa na jibu.

"Samahani, anko," mtoto alinong'ona.

"Usijali, mama. Piga tu, tukale."

Alimpenda, kwa hiyo upanga uliingia mpaka kwenye mpini, ukatokea mgongoni na kukata mlingoti wa bendera. Kaka alipiga magoti. Damu ilimtoka puani na mdomoni, ikateremka kati ya mawe ikawafikia waliokuwa chini, wakasogeza miguu. Mwongozaji alisema kioo cha kamera kimeingia vumbi. Fundi alipanda mbio, akaziba tundu kwa pamba pakiti nzima, akakaza kwa mkanda.

"Heri hivi," kaka alisema, sauti ikipitia pembeni ya mkanda. "Nilikuwa nasikia joto, sasa hewa inapita."

Mara ya pili taji la Malkia lilianguka. Upanga ulikuwa umepita sentimita mbili kando ya tundu la kwanza, ukavunja mbavu. Kila mtu alizisikia. Fundi alipomfikia, kaka alikuwa anatetemeka, midomo imekuwa rangi ya jivu, lakini jicho moja lilikuwa linacheka.

"Hebu sikiliza, mdogo wangu, nikupe kisa," alisema. "Jamaa mmoja aliuawa mara mbili kabla ya chai. Akaenda mbinguni akabisha hodi, akaulizwa—"

"Tayari?" aliita mwongozaji. "Fundi, ondoka kwenye picha!"

Fundi aliondoka. Malkia alikuwa analia waziwazi sasa, mabega yakipanda na kushuka, na upanga wake ulishuka kwa wororo ambao hakuna mtu pale aliyewahi kuuona kwa mkubwa au mdogo. Ulimpasua kaka moyo. Mwongozaji alisema hiyo ndiyo. Fundi alipanda tena na pamba yake, akachuchumaa mbele ya kaka, akangoja mwisho wa kile kisa.

"Akaulizwa nini?" alisema mwishowe.

"Sijui," alijibu kaka yake, kwa kuwa aliulizwa.

Walimuua mara nne zaidi, kwa ajili ya pande nyingine za kamera. Alianguka vizuri kila mara, pale pale alipoelekezwa.

Nyumbani binti yake alimrukia mlangoni, akarudi nyuma kidogo akalitazama shati. Aliuliza bendera ilikuwa nzito? Baba akasema ndiyo. Akauliza Malkia ni mzuri kama kitabuni? Baba akasema ndiyo. Mtoto alikaa akingoja utani, kama mtu aliyekaa kituoni akiwa na hakika basi litapita. Fundi alimwambia baba amechoka. Akasema vivyo hivyo siku iliyofuata, na mwezi uliofuata, mpaka mtoto akaacha kuuliza.

Filamu ilipokamilika ilionyeshwa kwanza katika ukumbi wa shule ya mtoto, Jumamosi asubuhi, mapazia yakiwa yamebanwa kwa pini. Walikaa safu ya nne: mtoto katikati, shangazi yake kushoto, baba yake kulia. Jeshi la Giza lilipotokea, ukumbi mzima ulizomea. Watoto walipanda juu ya viti. Kila upanga ulipokata walipiga kelele za furaha, na mkono wa Nyundo ulipodondoka, walimu wenyewe walicheka. Kisha uso wa baba ukajaa ukuta mzima, kovu lake refu kama barabara, na Malkia akamchoma.

Mtoto alimgeukia baba yake katikati ya makofi. "Baba, ulisema wewe ni wa Nuru."

"Nilisema."

"Mlikuwa mmefanya nini?"

"Hatukuambiwa," alisema baba.

Mtoto alirudisha macho kwenye ukuta. Wenzake walikuwa wamesimama. Alikaa kidogo, mikono mapajani, kisha na yeye akasimama, kwa sababu hivyo alivyokuwa amekaa alikuwa haoni kitu, na alipokwisha kusimama akapiga makofi pamoja nao.

Wiki iliyofuata mchezo wa filamu ulienea uwanjani mwa shule kama surua. Wa kuwa Malkia walikuwa wengi. Wa kuwa Giza alikuwa mmoja ambaye hapakuwa na haja ya kumchagua, kila mtu alishamwona baba yake. Jumanne mtoto alirudi nyumbani na jeraha begani, refu kama kidole cha mtu mzima, lililofanywa na rula ya plastiki. Mwalimu wa zamu alikuwa amelifunga kwa leso na kuandika daftarini kwamba mtoto ameanguka.

Fundi alimkalisha kwenye kigoda cha jikoni, akafungua leso, akaivuta taa karibu. Lilikuwa limefika kwenye mfupa.

"Nani?"

"Rafiki yangu," alisema mtoto. "Hakutaka. Alisema samahani."

"Ndiyo maana limeingia hivi," alisema Fundi, akatia uzi sindanoni.

Alimshona nyuzi sita. Mtoto aliuma kola ya gauni lake, machozi yakimtoka bila sauti, macho yake kwa baba aliyekaa upande wa pili wa meza.

"Baba, itauma hivi kila siku?"

"Hapana," alisema baba, kwa kuwa aliulizwa. "Siku za mwanzo tu."

Asubuhi Fundi alichanganya poda ya rangi ya bega lile, akaipaka tabaka tatu, akarudi nyuma hatua mbili akaitazama kazi yake kwenye mwanga wa dirisha. Hakikuonekana kitu. Alimsindikiza mtoto hadi getini, akamnyoosha kola, akamwambia awahi. Mtoto alikimbia kuvuka uwanja kwenda kwa wenzake, ambao walikuwa wamekwisha kujipanga na wanamngoja yeye.